Kidole, Mizani na Lori la Chakula

Mtu akitaka kujua kama kompyuta itasaidia kugawa chakula cha serikali, ningemwomba kwanza aache kuitazama kompyuta na alifuate gunia moja la mahindi tangu linaponunuliwa hadi linapoishia ndani ya sufuria. Gunia hilo hupita mikononi mwa anayesaini bei, mwenye ghala, dereva wa lori, msimamizi wa kituo, anayepima kwa kopo na karani mwenye orodha ya majina, na katika kila mkono linaweza kupungua. Bei hupandishwa kwenye karatasi, magunia kumi hubaki ghalani yakisubiri giza, lori hupitia sokoni, kopo hujazwa nusu, na jina la marehemu huendelea kula. Teknolojia inayofaulu, kwa jinsi nilivyoona na nilivyosoma, ni ile iliyowekwa pale hasa gunia linapopungulia, na inayompa mlaji mwenyewe habari za gunia lake. Iliyowekwa kwingine huongeza foleni.

Nasema haya kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa karani na mkalimani katika kituo cha kugawa chakula ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha Wakongo, Warundi na wengineo kusalimiana, kuuziana nyanya na kugombana kisimani. Meza yangu ilikuwa kati ya mashine ya kusoma vidole na watu waliokuwa wameamka saa kumi alfajiri kuja kupanga foleni, na sikuona siku mbili zilizofanana.

Mashine ile ilikuja kwa sababu. Mapema mwaka 2018 zilitoka tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi nchini Uganda ilikuwa imeongezwa kwa majina hewa, na kwamba chakula kilitolewa kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, walianza mwezi Machi kuwahakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho. Uhakiki ulipokamilika mwezi Oktoba, hesabu iliyokuwa karibu milioni 1.4 ilishuka hadi karibu milioni 1.1. Sisemi kwamba wote waliotoka kwenye orodha walikuwa hewa, maana nawajua waliokuwa wamekwisha kurudi makwao na wengine waliohamia Mbarara na Kampala kutafuta kazi. Hata hivyo pengo lilikuwa kubwa mno, na lilikuwa kwenye orodha. Kwa hiyo kidole kilikuwa dawa ya ugonjwa uliokuwepo, na ninaisifu kazi ile bila kusita.

Lakini dawa hiyo ilifaa pia kwa sababu ya mambo madogo ambayo mtu aliyeko ofisini huyasahau kwa urahisi. Orodha ya siku iliingizwa kwenye kompyuta kabla ya gari kuondoka, hivyo mtandao ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, kazi haikusimama. Palikuwa na jenereta na betri za akiba. Na palikuwa na njia ya pili, ambayo kwangu ndiyo iliyookoa heshima ya kituo kizima. Nakumbuka bibi mmoja kutoka Masisi, mashariki mwa Kongo, aliyeweka kidole juu ya kioo mara tatu, na mara zote tatu mashine ikamkataa, kwa kuwa jembe lilikuwa limekwisha kuifuta mistari ya vidole vyake miaka mingi kabla hajavuka mpaka.

"Mwanangu," aliniambia, "kidole hiki ni changu tangu nizaliwe. Leo kinanikana?"

"Bibi, usihofu," nikamjibu, "tutasoma jicho."

Jicho likasomwa, akapita. Wapo ambao hata jicho lilishindikana, kwa sababu ya mtoto wa jicho au kwa sababu mtoto mchanga mgongoni alikuwa akilia na mama hakuweza kutulia. Hao walikwenda kwenye meza ya malalamiko, ambako kiongozi wa eneo lao aliwashuhudia, msimamizi akaandika kwenye daftari na kusaini, na jioni ile ile majina yao yakapitiwa moja moja. Kanuni ya kituo chetu ilikuwa kwamba mtu hatarudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya kosa la kifaa. Kanuni hiyo haikuwa ndani ya programu yoyote; iliwekwa na msimamizi mmoja mwenye utu, na alipohamishwa ilidhoofika. Ndiyo maana naamini kwamba jambo la namna hii lazima liandikwe katika taratibu za serikali, lisitegemee moyo wa aliyepo zamu.

Kuna jambo ambalo mashine haikuliona kabisa. Iliweza kuthibitisha kwamba mama aliyesimama mbele yangu ndiye yule aliyeandikishwa, lakini haikujua amepewa kilo ngapi. Baada ya kioo kulikuwa na mpimaji mwenye kopo, na kopo linaweza kujazwa likafanya kichuguu au likakatwa usawa wa mdomo, na tofauti ya kopo kumi na mbili zilizokatwa ni mlo wa siku kadhaa kwa familia ya watu sita. Kwenye kompyuta, familia iliyopunjwa na familia iliyopewa haki yake zilionekana sawasawa: "imepokea". Kilichobadilisha hali hiyo kilikuwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa karibu na mlango wa kutokea, ambapo yeyote angeweza kupima tena mzigo wake mbele ya watu. Wiki ya kwanza malalamiko yaliongezeka sana hadi wakubwa wetu wakafikiri kituo kimeharibika. Wiki zilizofuata vichuguu vilirudi kwenye makopo.

Nilipoanza kusoma habari za nchi nyingine, India ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa kuwa huko chakula cha serikali si jambo la dharura. Kwa sheria ya uhakika wa chakula ya mwaka 2013, karibu theluthi mbili ya wananchi wana haki ya kupata nafaka, kilo 5 kwa kila mtu kila mwezi, kupitia maduka ya mgao zaidi ya 500,000 yaliyoenea hadi vijijini. Tangu Januari 2023 nafaka hiyo hutolewa bure. Ndani ya nchi hiyo moja kuna majimbo mawili jirani, Chhattisgarh na Jharkhand, yaliyozaliwa mwezi mmoja, Novemba 2000, yote yakiwa na misitu, migodi na umaskini mwingi. Njia zao katika jambo hili zilitofautiana kiasi kwamba kila mhandisi anayepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kugawa chakula angepaswa kuzisoma zote mbili kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Chhattisgarh ilianza na maduka. Mwaka 2004 serikali ya jimbo iliwanyang'anya wafanyabiashara binafsi maduka ya mgao na kuyakabidhi kwa mabaraza ya vijiji, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama, yaani watu ambao mteja wao ni jirani yao. Kamisheni ya mwenye duka iliongezwa, ili aweze kuishi bila kuiba. Chakula kikaanza kupelekwa hadi mlangoni mwa duka kwa malori yaliyopakwa rangi ya njano, ili lori la mgao likionekana limeegeshwa nyuma ya kinu cha mtu binafsi, hata mtoto ajue kuna jambo. Ndipo, kuanzia mwaka 2007, kompyuta zikaingia: ununuzi wa mpunga kutoka kwa wakulima, akiba ya kila ghala, safari za malori na kadi za familia, vyote katika mfumo mmoja. Mwananchi aliyejiandikisha alipokea ujumbe mfupi wa simu kwamba lori la duka lake limeondoka ghalani. Majina ya wenye kadi yaliandikwa kwenye kuta kijijini. Palikuwa na namba ya kupiga kulalamika. Jean Drèze na Reetika Khera, wachumi waliofuatilia jambo hili kwa miaka mingi, walikadiria kwamba nafaka iliyopotea njiani, ambayo ilikuwa karibu nusu mwaka 2004–05, ilishuka hadi karibu sehemu moja ya kumi mwaka 2009–10.

Nimeurudia mfano huo mara nyingi kichwani, na kinachonigusa ni kwamba kwa miaka yote hiyo ya mwanzo mashine haikumtaka mlaji aweke kidole mahali popote. Macho ya mashine yalikuwa juu ya ghala na lori, na habari zilishuka hadi kwa mwanakijiji. Yule mama aliyepata ujumbe wa simu kwamba magunia yametoka jana aliweza kwenda dukani na kumwambia mwenye duka, mbele ya wenzake, kwamba anajua chakula kimefika. Uwezo huo wa kusema "najua" ndio uliofanya kazi. Siasa nayo ilikuwa na nguvu yake: waziri mkuu wa jimbo wakati huo, Raman Singh, aliitwa na watu baba wa mchele, na alichaguliwa tena mwaka 2008 na mwaka 2013. Kiongozi anayejua kwamba gunia likipotea kura hupotea, huuliza maswali ambayo mhandisi hawezi kuuliza.

Jharkhand, kuanzia mwaka 2016, iliweka katika maduka yake mashine za kusoma kidole zilizounganishwa na namba ya utambulisho wa taifa, Aadhaar. Mashine hizo zilihitaji mtandao, seva na kidole vikubaliane kwa dakika ile ile, katika vijiji ambavyo simu hutafutiwa mawimbi juu ya kilima. Kadi ambazo hazikuunganishwa na Aadhaar zilifutwa kwa wingi. Septemba 2017 msichana wa miaka 11 alifariki wilayani Simdega baada ya familia yake kukosa mgao kwa miezi; kadi yao ilikuwa imefutwa kwa sababu hiyo. Serikali ilisema ni malaria, mama yake akasema mtoto alikufa akiomba wali. Watafiti waliochunguza mfumo huo baadaye walikuta kwamba kidole peke yake hakikupunguza wizi, kwa kuwa wizi mwingi haukuwa wa majina. Ulikuwa wa kipimo: mwenye duka alisoma kidole halali cha mtu halali kisha akampimia pungufu. Niliposoma hayo nilikumbuka kopo letu la Nakivale.

Sasa turudi Uganda. Aprili 2020, shughuli zilipofungwa kwa ajili ya korona, serikali iliahidi chakula kwa watu milioni 1.5 wa Kampala na Wakiso: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, pamoja na chumvi. Malori yalipita mitaani na wanajeshi, nyumba kwa nyumba, na ninawashukuru waliobeba magunia yale kwa mabega yao katika vichochoro vya matope. Lakini mtaani kwa ndugu zangu hakuna aliyejua lori litafika siku gani, wala ni magunia mangapi yametengwa kwa mtaa ule, ingawa karibu kila nyumba ilikuwa na simu ambayo ingeweza kupokea ujumbe wa maneno kumi. Maswali kuhusu bei ya unga na maharage yalifika hadi polisi na mahakamani, nayo ni maswali ambayo kidole cha mlaji hakiwezi kuyajibu hata kikisomwa mara elfu moja.

Mwaka uliofuata serikali iliacha magunia na kutuma pesa kwa simu, shilingi 100,000 kwa zaidi ya kaya 500,000 zilizoathirika na kufungwa kwa mara ya pili. Wazo lilikuwa zuri, na waliopata walipata haraka bila kusukumana. Shangazi yangu wa Kisenyi hakupata. Laini aliyokuwa akitumia iliandikishwa kwa kitambulisho cha mwanawe, na jina la kwenye laini halikulingana na jina la kwenye orodha. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaambiwa majina yalishapelekwa juu. Alikwenda huko juu, akaambiwa wao hupokea tu yale yaliyoletwa. Aliniuliza kwa simu, "Wewe uliyekaa na kompyuta za wakimbizi, nimwone nani?" Sikuwa na jibu. Nakivale, mahali pa watu waliokimbia vita, kulikuwa na meza ya malalamiko chini ya mti. Katika mji mkuu, mwanamke mwenye kitambulisho cha taifa hakuwa na meza ya kwenda. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma.

Halafu yakaja mabati. Mwaka 2023 mawaziri watatu walifikishwa mahakamani kuhusu mabati ya misaada yaliyokusudiwa watu wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Mabati hayaliwi, lakini hutoka katika ghala la misaada kama mahindi yatokavyo, kwa karatasi ya ruhusa, saini na lori, na tuhuma zilikuwa kwamba njia ile ile rasmi ndiyo iliyoyapeleka kwingine. Fikiria kama daftari la ghala hilo lingekuwa wazi kwa simu ya mwalimu yeyote wa Moroto au Kotido: leo yametoka mabati kadhaa, yamechukuliwa na fulani, yanakwenda mahali fulani. Teknolojia ya kufanya hivyo ipo na si ghali kuliko mashine za kusoma mboni za macho. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuielekeza kwa wakubwa, na uamuzi huo hauuzwi na kampuni yoyote ya programu.

Mafunzo, umeme na matengenezo sitavizungumzia sana, maana kila ripoti huvitaja. Nitasema tu kwamba mashine moja iliyoharibika, yenye fundi wa kuitengeneza aliyeko Mbarara, ina thamani kuliko mashine tano mpya ambazo fundi wake yuko ng'ambo.

Jambo la siri ya taarifa ni zito zaidi. Warundi kadhaa waliniuliza kwa sauti ya chini kama alama za vidole vyao zingeweza kufika mikononi mwa wale waliowakimbia. Uganda imekuwa na sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, lakini sikuwa na karatasi hata moja ya Kiswahili ya kumpa mtu asome nani ataziona alama zake, kwa miaka mingapi, na afanye nini akiwa na shaka. Waliweka vidole kwa sababu watoto wao walikuwa na njaa. Ridhaa ya namna hiyo ni dhaifu, na mfumo uliojengwa juu yake hubaki na nyufa. Mtu anayeogopa huficha mabadiliko ya familia yake, na orodha huanza kuoza upya.

Orodha huoza pia pasipo mtu kuogopa. Mtoto huzaliwa, mzee hufariki, binti huolewa upande wa pili wa ziwa. Kituoni kwetu kuongeza jina la mtoto mchanga kulifanyika ofisi nyingine, siku nyingine, na mama aliyejifungua jana hakuwa na nauli ya boda boda, kwa hiyo mtoto aliishi miezi bila kuwemo kwenye hesabu huku kompyuta ikisema kila kitu ni sahihi. Mwaka 2023 fedha za wafadhili zilipopungua, familia zikagawanywa katika makundi matatu kulingana na udhaifu wao, kuanzia wale wa kupata asilimia 60 ya mgao kamili, kisha asilimia 30, hadi wasiopata kitu. Wakati huo mimi nilikuwa nimeondoka, lakini wenzangu walionisimulia walisema swali lilikuwa moja siku nzima: kwa nini jirani yangu na si mimi? Kompyuta ilijua kundi la kila familia. Haikuweza kueleza sababu, wala makarani hawakuwa wamepewa sababu hizo kwa lugha ya watu. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha msaada kwa karibu wakimbizi milioni moja nchini kwa kukosa fedha. Hapo hakuna mfumo wa kompyuta unaoweza kuziba pengo, kwa kuwa ghala likiwa tupu, orodha safi ni orodha ya wenye njaa.

Kabla sijaondoka Nakivale tulijaribu kitu kimoja ambacho hakikuwa na bajeti. Kijana aliyesimamia kompyuta alikubali kuchapa, kila asubuhi ya mgao, ukurasa mmoja kutoka kwenye mfumo wenyewe: lori limefika saa ngapi, magunia mangapi, kilo ngapi kwa kila mtu, na kilichobaki jana. Mimi niliutafsiri kwa Kiswahili, tukaubandika kwenye ubao karibu na lango. Siku ya kwanza watu walipita. Siku ya tatu, mzee mmoja Mrundi aliyewahi kuwa mwalimu alisimama pale akawasomea wasiojua kusoma, mstari kwa mstari, na watu wakaanza kuhesabu magunia yakishushwa, kwa sauti, wote pamoja, huku dereva akiwatazama. Siku moja hesabu yao ilipungua magunia mawili ikilinganishwa na ile ya karatasi. Dereva alirudi kwenye lori, akayatoa nyuma ya turubai.

Tuliomba ukurasa ule uwe sehemu ya kazi ya kila kituo, na tukaambiwa ombi litapelekwa mbele. Nilipopita huko mara ya mwisho ubao ulikuwepo, na misumari, na kipande cha karatasi ya zamani kilichonyeshewa mvua. Mashine za vidole zilikuwa zinafanya kazi vizuri.